Neno Lililokula Kuku Wetu

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ukumbi mmoja huko Mikelenge, hapa Kindu, nikae na watu wazima kumi na wawili asubuhi nzima tukitafuta Kiswahili cha neno moja la Kiingereza. Usicheke, rafiki yangu. Tulipewa mkate wenye sadini, soda ya baridi, daftari jipya na kalamu yenye jina la shirika. Kijana mmoja aliyetumwa kutoka Kinshasa, kitambulisho kikining'inia kifuani, akasimama mbele yetu akaandika ubaoni: vulnerable. Karatasi za shirika zinakuja kwa Kiingereza, akatueleza, kwa sababu wafadhili wanasoma Kiingereza, lakini wakaaji nao wanapaswa kuelewa wanaulizwa nini. Kwa hiyo alitaka neno letu wenyewe, la nyumbani. Mimi, mama mwalimu kama wanavyoniita, niliitwa kwa kuwa nafundisha Kiingereza sekondari, na katika mji huu mwalimu wa Kiingereza hudhaniwa kuwa anajua kila kitu kilichoandikwa kwa lugha hiyo, pamoja na maelezo ya sumu ya panya.

Basi tukaanza. Mmoja akasema ni maskini. Kijana akatikisa kichwa, akasema kuna maskini asiye vulnerable. Mwingine akasema mnyonge. Wa tatu, aliyekuwa amekwisha kula mikate miwili, akapendekeza dhaifu, akashindwa kutetea. Ikafika saa sita mchana tukiwa bado na ubao uliojaa maneno yaliyokatwa. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kijana yule kwamba alikuwa anatafuta kitu ambacho hakijapotea. Kila mtoto wa Kindu analijua neno lake. Tulilipata zamani, likiwa limevaa koti la Kifaransa, na hatujalirudisha tangu hapo.

Nilikuwa na kamusi yangu nene mkobani. Nikaifungua kwa ubishi tu, nione wenye neno wanasemaje. Wanasema maana yake ni mwenye kuweza kujeruhiwa. Shina lake ni la Kilatini, ni jina la kidonda. Liliingia katika Kiingereza karne nyingi zilizopita, na siku za mwanzo wapo waliolitumia hata kwa maana ya kinyume, mwenye uwezo wa kujeruhi. Maana hiyo ikafa. Inaonekana wenye uwezo wa kujeruhi hawapendi kupewa kivumishi. Kuna hata mchezo mmoja wa karata, wa watu wenye nafasi ya kukaa mezani jioni nzima, ambamo upande uliokwisha kushinda duru moja ndio unaoitwa hivyo. Niliposoma hapo nikafunga kamusi, maana nilikuwa karibu kucheka kwa sauti, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Mimi na neno hili tunafahamiana tangu nikiwa na miaka tisa.

Wakati ule wa vita tulikaa hapo hapo Mikelenge, mimi na koko, yaani nyanya yangu mzaa mama. Mama alikuwa amekwenda Pangi kumzika kaka yake, na barabara ikafungwa nyuma yake. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la majani, na nyuma yake palikuwa na shimo dogo ambamo nyanya alichoma maganda ya ndizi apate majivu. Majivu hayo aliyachuja kwa maji polepole, akayachemsha mpaka yakabaki matone machungu, hayo ndiyo yakawa chumvi yetu. Chumvi ya kweli haikuwepo mjini. Aliyekuwa nayo aliipima kwa kifuniko cha chupa, na alikuangalia usoni kwanza aone kama unastahili. Mpaka leo nikila sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliyotiwa chumvi vizuri, ulimi wangu unashangaa.

Sauti ya asubuhi zetu ilikuwa kinu. Nyumba iliyotwanga ilijulikana, na nyumba iliyonyamaza pia ilijulikana. Nyanya alikuwa na kawaida ya kutwanga kidogo hata siku ambayo hapakuwa na kitu cha maana cha kutwanga, majani matatu ya sombe, ili majirani wasianze kutuhurumia. Nilidhani ni uzee. Nilimwona mjinga, nakwambia wazi, na dharau niliyokuwa nayo kwake ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu.

Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji walikuwa wenye bunduki. Nyanya alikwenda mara moja kuchimba muhogo wake mwenyewe, katika shamba lake mwenyewe, akarudi bila muhogo na bega la kulia likiwa limepasuliwa kwa panga. Jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto watano, alimwosha kwa maji ya chumvi ile ile ya majivu, nyanya akauma kona ya kitenge chake mpaka kazi ikaisha. Kidonda kilifunga kwa juu, lakini mkono haukunyanyuka tena kupita kifua. Na hapo ndipo shida yetu ilipoanza hasa. Paa lilikuwa limeoza, majani mapya yalihitaji mtu wa kuyakata na kuyapandisha, na katika nyumba ile hapakuwa tena na mkono wa kufanya hivyo. Nyanya alikuwa na kifua kibaya toka zamani. Mvua ilikuwa njiani.

Ndipo neno likashuka na ndege. Ndege ilileta watu wa shirika, mablanketi, sabuni, chumvi, na zile bashi, maturubai ya plastiki ambayo mtu akifunga moja juu ya paa bovu analala mkavu. Lakini havikugawiwa ovyo. Vilikuwa vya wale wanaoitwa vulnerable, na ili uitwe hivyo ilikupasa uandikwe kwenye listi, na ili uandikwe mtu wa listi alikuja kukutembelea kwako akuone kwa macho yake.

Hebu nikuambie jinsi mji ulivyojifunza kivumishi kile. Kwa siku chache tu kilikuwa midomoni mwa watu wote. Mtu alisema ameandikwa vulnerable kwa furaha ile ile ya kusema mtoto wake amefaulu. Wanaume walioheshimiwa walibishana barabarani ni nani vulnerable zaidi. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wake: mmoja anakuwa mtu wa listi, ana kijiti cha kalamu, wengine tunakohoa, tunachechemea, tunalegeza midomo, na anayefanya vizuri zaidi anapewa jani la mgomba, ndiyo bashi. Nilikuwa hodari sana katika mchezo huo. Nilijua kukohoa mpaka mate yakatoka.

Jirani yetu alijiandaa kama watu wanavyojiandaa kwa harusi, ila kwa kinyume. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, mumewe aliijenga alipokuwa bado anapeleka mizigo hadi kijiji cha Tunda kwa baiskeli. Mabati hayafichiki. Basi akajenga uani kibanda cha majani ya migomba, akahamia humo na watoto, akasema nyumba ni ya mtu mwingine. Mbuzi wake wawili wakapelekwa kwa shemeji. Watoto akawapaka majivu magotini, akawafundisha cha kujibu, na mimi nikajifunza pamoja nao kwa kusikiliza: jana hatukula, juzi hatukula, papa hayuko. Mumewe wakati huo alikuwa ndani ya nyumba ya mabati, amelala.

Alikuja pia kumfundisha nyanya, kwa moyo mwema kabisa. Usifagie, akamwambia. Usipike. Vaa ile nguo ya shamba, uache bega wazi. Bega lile peke yake lilitosha listi mbili.

Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama angeweza kumwazima kiti.

"Kiti ya nini, koko?"

"Mugeni anakuja kwangu," nyanya akasema. "Atakaa chini?"

Kesho yake alfajiri nyanya alifagia uwanja kwa mkono wa kushoto, mistari ikatoka imepinda lakini ikatoka. Aliazima kiti, sahani mbili za bati, na kitambaa cha mezani chenye maua. Akatoa sanduku lake, akavaa kitenge alichokuwa anakiweka kwa ajili ya siku ya kufa, akakivuta vizuri juu ya bega la kulia mpaka kovu lisionekane hata kidogo. Halafu akaniambia nikamate kuku. Alikuwa wa mwisho, mweusi mwenye shingo tupu, aliyetutagia yai siku moja baada ya nyingine. Nilimkimbiza nikilia. Nyanya alinunua mchele kwa kutoa ungo wake mpya, akachukua mafuta ya mawese yaliyobaki yote, na harufu ile ikatoka nje ikatembea mtaa mzima kututangaza kwamba sisi ni matajiri.

Mtu wa listi alifika mchana. Alikuwa bwana mnene kiasi, mwenye viatu vya kufunga kamba na ubao wa kuandikia uliobana karatasi. Nyanya alimpokea kwa mikono miwili, ule wa kulia ukisaidiwa na ule wa kushoto. Akamketisha. Akamwagia maji ya kunawa. Akamwekea sahani, na yule bwana akala.

Nataka ujue jinsi alivyokula. Alikula paja, akala paja la pili. Akavunja mfupa akaunyonya. Aliomba wali zaidi. Katikati ya tonge na tonge alimwuliza nyanya maswali kutoka kwenye karatasi yake, kwamba kwa siku mnakula mara ngapi, na nyanya, ambaye tangu juzi alikuwa amekula ndizi moja, akajibu kwamba wanakula vizuri, Mungu anasaidia. Angejibu nini? Chakula kiko mezani, mgeni anatafuna, wewe umwambie una njaa? Kwetu hilo lilikuwa sawa na kumpokonya mtu tonge kinywani. Bwana yule alikuwa mtu wa nchi hii, alizaliwa na mama, alijua hayo yote kama nilivyoyajua mimi. Akaweka alama kwenye karatasi kwa kidole chenye mafuta.

Akauliza kuhusu paa. Nyanya akasema watalitengeneza. Akauliza kuhusu ugonjwa. Nyanya akasema ni uzee tu. Mwishowe akamwuliza moja kwa moja kama yeye ni vulnerable, na nyanya akataka kujua huyo ni mtu wa namna gani.

"Ni mutu hana kitu," bwana akaeleza, akichokonoa meno. "Hana nguvu, hana mutu wa kumusaidia."

Nyanya aliniangalia mimi, halafu akamwangalia yeye.

"Mimi niko na huyu mutoto," akasema.

Hapo sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikitazama mifupa inavyoongezeka, na nilijua kabisa cha kusema, nilikuwa bingwa wa mchezo ule. Nikasahau masomo yote ya jirani. Nikasema ukweli, ambao hakuna aliyenifundisha.

"Hiyo kuku ilikuwa ya mwisho."

Bwana aliacha kutafuna kidogo. Nilimwona akitazama sahani, akimtazama nyanya, na kwa kitambo kifupi nilidhani ataandika. Nyanya akasogeza bakuli karibu naye.

"Watoto wanasema ovyo," akasema. "Kula, papa. Muchele iko mingi."

Na yeye akala. Alipomaliza alishukuru, akasema siku nyingi hajapata chakula kizuri namna hiyo, akafunga karatasi zake akaenda kwa jirani, ambaye alimpokea akiwa amekaa chini kwenye vumbi. Sisi hatukuandikwa. Nilijua kabla hajafika barabarani.

Nyanya hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alikusanya mifupa, akaichemsha tena kwa ajili yangu, akanipa mchuzi wake, na aliponiona nanuna akaniambia kwamba nimemfanya mgeni ale kwa aibu. Mpaka leo nabishana naye kichwani juu ya hilo. Koko, namwambia, yule hakula kwa aibu. Alikula kwa mikono miwili. Aibu uliibeba wewe peke yako, pamoja na sahani za kuazima.

Mvua ikaja. Ilinyesha kama inavyonyesha jimboni kwetu Maniema, bila haraka ya kwenda mahali pengine. Tulihamisha kitanda kutoka kona hii hadi kona ile, na kila kona ilikuwa na tundu lake. Nyanya alikuwa ananilaza upande mkavu, na kifua chake kikaanza ile sauti ya maji. Kwa jirani bashi mpya ilikuwa imetandikwa uani, anaanikia muhogo. Nilimchukia. Nilikuwa nakwenda kuichungulia bashi ile ya bluu kama mtu anavyochungulia chungu cha wenzake.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha jirani yule aliingia kwetu bila kubisha, amebeba kitu cha bluu kilichokunjwa. Alikuwa ameikata bashi katikati kwa kisu. Mumewe, yule ambaye hakuwepo, alikuwa nyuma yake na kamba. Nyanya akiwa kitandani akasema hawezi kuchukua, yeye hakuandikwa.

"Mimi nilisema uongo, koko, wewe ukakatala kusema," jirani akamwambia. "Tugawane uongo yangu. Inatosha kwa nyumba mbili."

Nyanya alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka jirani akamshika. Wakaifunga nusu bashi juu ya kitanda. Tukalala wakavu. Lakini ilikuwa imechelewa, kifua kilikuwa kimekwisha kujaa, na wiki chache baadaye nyanya alifariki chini ya plastiki ile ya bluu, akiwa ameshika kidole changu. Kitenge chake cha siku ya kufa kilikuwa na doa la mawese begani, la siku ya mgeni. Jirani alikifua mara mbili na doa halikutoka, tukamzika nacho. Mama alifika kutoka Pangi barabara ilipofunguliwa, akanikuta nakaa kwa jirani, katika nyumba ya mabati, na jirani akimwambia kila mtu kwamba mimi ni mtoto wake wa sita.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani ndani ya ukumbi ule, wakati kijana wa Kinshasa aliponigeukia mimi, mwalimu, akaniomba nitoe neno. Ningeweza kumpa. Ningemwambia kwamba hapa Kindu mwenye kuweza kujeruhiwa ni yule anayempikia mgeni kuku wake wa mwisho. Lakini nisingeweza kuona hadithi ile ikiandikwa ubaoni na kukatwa, basi nikamwambia abaki na hilo hilo alilokuja nalo, watu wamelizoea. Alifurahi sana. Akapiga picha ya ubao.

Mchana tukatumwa mitaani, kila mmoja na karatasi yake, kujaribu maswali kwa nyumba moja moja. Ndiyo, mimi. Nilipewa ubao wa kubana karatasi, na nilivaa viatu vizuri. Nyumba yangu ilikuwa ya bibi kizee mmoja anayekaa na mjukuu wa kike, si mbali na pale tulipokaa sisi. Uwanja haukufagiwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye vumbi katika nguo iliyochanika, na kabla sijasalimia vizuri mjukuu akanikazia macho akasema yote bila kuvuta pumzi, jana hatukula, juzi hatukula. Alisema vizuri. Angeshinda jani la mgomba.

"Mama, niko vulnerable," bibi akaongeza, kwa Kifaransa safi kabisa cha neno lile.

Hakusema uongo. Niliona mguu wake uliovimba, niliona paa. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na kiti. Kilikuwa kizima, kimefutwa vumbi, kimeegeshwa pale pale, na hakuna aliyekigusa. Ndani ya nyumba kuku akalia mara moja, sauti ya kufunikwa, kama aliye chini ya kikapu, na mtoto akakohoa kwa nguvu ili nisisikie.

Nikaandika jina la bibi juu kabisa ya karatasi, nikaweka alama kila palipotakiwa alama. Kuku yule na aishi, atage mayai, mtoto ale. Kama nyanya yangu angemfunika wetu kwa kikapu labda ningekuwa na koko mpaka leo, na mimi ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kulaumu. Wamejifunza. Sisi ndio tuliowafundisha, sisi wenye kalamu, sahani kwa sahani.

Lakini nilisimama katika uwanja ule nusu saa nzima, mgeni, mtoto wa Mikelenge, jua likiniwakia kichwani, nikiandika nimeegemeza ubao kwenye tumbo langu. Sikutaka kuku wao. Nilitaka mtu aniambie nikae.